Sayansi ya Darasani Nje ya Darasa: Mwongozo Kamili kwa Mzazi na Mwalimu wa Mwanza

Mtoto wa Mwanza anaweza kukutajia aina tatu za miamba bila kupepesa macho, huku amekalia mwamba na hajui ni wa aina gani. Anajua kuwa samaki hupumua kwa matamvua, lakini ukimkabidhi sato mzima akuonyeshe matamvua yako wapi, anashika pezi. Kosa si lake. Tumezoea kumpa jina kwanza, na kitu chenyewe anakutana nacho baadaye, kama atabahatika.

Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Katika kila zoezi mtoto anakisia, anapima, na jina la kitabuni linakuja mwisho. Usiruke hatua ya kukisia hata kama muda ni mdogo. Asiyekisia hashangai, na asiyeshangaa keshokutwa atakuwa amesahau. Mazoezi yanafaa kuanzia darasa la nne mpaka kidato cha pili, tofauti iwe kwenye hesabu tu.

Vifaa vya kuwa navyo: daftari, rula, futi kamba ya fundi, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, chupa za maji zilizokwisha tumika, makopo mawili yanayolingana, gololi, mche wa sabuni, mkasi na fimbo iliyonyooka ya mita moja. Ukipata kipimajoto cha maabara, vizuri zaidi. Kile cha kupimia homa hakifai, kinaishia nyuzi 42.

Katika daftari chora safu tatu: nilichokisia, nilichopima, ninachodhani ndiyo sababu. Safu ya kwanza ijazwe kwa kalamu ya wino ili isifutwe.

Mawe yaliyobebana

Anza na mawe, kwa sababu hayana gharama. Ukiwa Capri Point, Bugando, Igogo au Mabatini, huhitaji kwenda popote.

Hatua ya kwanza, tafuta kokoto iliyovunjwa karibuni, kutoka kwenye lundo la ujenzi au kwa akina mama wanaoponda mawe. Iwe na uso mpya, usiopigwa jua miaka mingi. Mpe mtoto aisogeze karibu na jicho, mwanga ukitokea ubavuni, kisha muulize: je, hili ni jiwe la kitu kimoja au ni mchanganyiko? Akitazama kwa utulivu ataona punje za namna tatu. Zipo zinazofanana na kioo chenye ukungu, hazina umbo maalumu. Hiyo ni kwatzi. Zipo nyeupe au za waridi hafifu, zenye bapa linalometa ukigeuza jiwe. Hiyo ni feldspa. Na vile vijitabaka vyeusi vinavyong'aa, ambavyo unaweza kuvibandua kwa ncha ya sindano, ni mika. Mchanganyiko huo ndio graniti. Punje ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho kwa sababu uji wa mwamba ulipoa polepole chini kabisa ardhini, na punje zikapata muda wa kukua. Huo ni mwamba wa moto, ingawa hakuna volkano iliyowahi kuutapika hapa.

Hatua ya pili, nenda chini ya jabali kubwa uchukue kiganja cha changarawe iliyojikusanya pale. Ilowanishe na uisugue kati ya vidole. Utasikia vitu viwili: punje ngumu zinazokwaruza, na utelezi unaobaki kwenye ngozi. Punje ngumu ni kwatzi, ambayo maji ya mvua hayaiwezi. Utelezi ni feldspa iliyokwisha kugeuka kuwa udongo wa mfinyanzi, baada ya kuliwa na maji yenye asidi kidogo. Mchanga wa ufukweni na udongo wa chungu vimetoka kwenye jiwe lilelile.

Hatua ya tatu ndiyo inayojibu swali ambalo kila mgeni huuliza akiona Jiwe la Bismarck pale ziwani: nani aliyapanga? Kata mche wa sabuni upate vipande vinne vya mchemraba, vipange viwili juu ya viwili kwenye beseni, jaza maji hadi vizame, uache mpaka asubuhi. Mtoto akisie kwanza sehemu gani italiwa zaidi. Asubuhi, suuza ute uliolainika. Pembe zimeondoka kuliko kingo, na kingo kuliko nyuso. Pembe ilishambuliwa na maji kutoka pande tatu, ukingo kutoka pande mbili, uso upande mmoja tu. Graniti nayo ilipasuka kwa nyufa za kukatana ingali chini ya udongo, maji yakapenya kwenye nyufa, pembe zikachakaa, yakabaki matufe. Baadaye mvua ikasomba udongo uliolainika katikati yake, na mawe yakashuka yakakaliana. Hakuna aliyeyapanga.

Sasa mpe takwimu aziandike: graniti hii ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ziwa Victoria lenyewe linakadiriwa kuwa na miaka 400,000 hivi, na kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita lilikauka, kisha likajaa tena. Kwa mawe haya, ziwa ni mgeni wa juzi. Halikutokana na ufa mkubwa ardhini kama Tanganyika, ambalo kina chake kinafika mita 1,470. Ardhi ya magharibi iliinuka, mito iliyokuwa ikielekea huko ikazuiwa, maji yakatanda kwenye bonde la wazi. Ndiyo maana Victoria lina eneo la takriban kilometa za mraba 68,800 lakini kina chake kirefu kabisa ni mita 80 na kidogo.

Miamba mashapo, ile inayotokana na mchanga na tope linalotua tabaka kwa tabaka, imalize haraka. Tia udongo wa uani kwenye chupa mpaka robo, jaza maji, tikisa, weka chini uanze kuhesabu. Mchanga unatua kwa sekunde chache, vumbi laini kwa dakika nyingi, mfinyanzi unaweza kuning'inia mpaka kesho. Hivyo ndivyo Mto Mirongo unavyofanya unapomwaga tope ziwani baada ya mvua: vizito hubaki karibu, vyepesi huenda mbali. Usichote maji ya Mirongo kwa zoezi hili, yanapita katikati ya mji na kila kinachotupwa kimo ndani.

Saa sita ya jua si saa sita ya simu

Hili nalipenda kuliko yote kwa sababu linawashinda hata watu wazima. Uliza nyumba nzima: jua linafika utosini saa ngapi? Wote watasema saa sita mchana.

1. Simika fimbo mahali tambarare, mita moja kamili ibaki juu ya ardhi. Ining'inizie uzi wenye jiwe uone kama imenyooka.
2. Kuanzia saa sita kamili mpaka saa saba na nusu, kila dakika 10, weka kijiwe pale ncha ya kivuli inapoishia, na uandike urefu wake.
3. Tafuta kivuli kifupi kuliko vyote. Muda wake ndio mchana wa kweli wa Mwanza.

Kutegemea mwezi, utakuta kati ya saa sita na nusu na saa saba. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kwa dakika 4. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambayo inapita karibu na Mogadishu. Mwanza iko karibu nyuzi 33. Tofauti ni nyuzi 12, zidisha kwa 4, unapata dakika 48. Jua linachelewa kutufikia kwa muda huo, na zile dakika kumi na kitu zinazoongezeka au kupungua kwa majira zinatokana na njia ya Dunia kulizunguka Jua kutokuwa duara kamili, na mhimili wake kuinama. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 39, inachelewa dakika 24 tu. Mwenye ndugu Dar apige simu, wafanye zoezi siku moja, walinganishe.

Kivuli kifupi pia kinakupa kaskazini na kusini bila dira. Lakini hapa kuna mtego unaowakamata wengi: mwezi Juni kivuli cha Mwanza kinaelekea kusini, Desemba kinaelekea kaskazini. Sisi tuko nyuzi 2.5 tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo Jua linatupita juu kwenda kaskazini na kurudi. Tarehe 21 Juni fimbo ya mita moja itatoa kivuli cha sentimeta 49 hivi. Tarehe 21 Desemba, sentimeta 38 hivi. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba kuna siku ambazo kivuli kinaishia kwenye shina la fimbo. Usimweleze mtoto mapema. Mwache aende nje akitafute kivuli akikose.

Upepo, mwezi na dagaa

Jaza kopo moja mchanga mkavu, jingine maji, uzito uwe sawa kwa mizani ya dukani. Yaanike juani kuanzia saa nne. Saa sita pima, au gusa kwa kidole kama huna kipimajoto. Mchanga umepamba moto, maji yana uvuguvugu tu. Yahamishie kivulini upime tena kila nusu saa: mchanga unapoa upesi, maji yanabaki na joto lake. Maji yanahitaji joto karibu mara tano ya lile la mchanga wa uzito uleule ili kupanda nyuzi moja.

Sasa mpeleke ufukweni mchana akashike kitambaa chepesi. Kinapeperukia nchi kavu, maana hewa ya juu ya ardhi yenye joto inapanda na ile ya ziwani inakuja kuziba nafasi. Alfajiri, kabla jua halijapata nguvu, kinapeperukia ziwani. Mvuvi yeyote anayejua tanga atakwambia hivyo bila kitabu.

Kuhusu mwezi, muulize muuza dagaa. Kuna siku za kila mwezi ambazo dagaa hupungua sokoni, nazo ni zile za mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa huwavuta kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauna kazi. Mpe mtoto kazi ya mwezi mzima: kila jioni aandike umbo la mwezi na saa alipouona ukichomoza, na pembeni aandike kama dagaa wabichi walikuwepo. Ataona mwezi unachelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50 kila siku, na duru nzima inamalizika kwa siku 29 na nusu. Ataona jambo jingine pia. Vitabu vingi huchora mwezi mwandamo ukiwa umesimama wima, lakini huku kwetu karibu na Ikweta umelala chali kama mtumbwi. Achore anachokiona.

Sato mezani

Nenda sokoni na mtoto asubuhi, Mwaloni Kirumba au mwalo ulio karibu nawe. Mwache aagize mwenyewe.

"Shikamoo mama. Naomba sato mmoja, ila usimpae wala usimtoe matumbo."

"Marahaba mwanangu. Unaenda kumpika na matumbo yake?"

Ajibu anavyojua. Wachuuzi wengi wakisikia ni kazi ya shule, huongeza maelezo ambayo hukuyaomba.

Nyumbani, mpime samaki kutoka mdomoni hadi mwanzo wa mkia uandike urefu. Hesabu mapezi, ukichunga miiba ya pezi la mgongoni, inachoma. Tazama ubavuni: kuna mstari wa vitundu unaopita kwenye magamba, ambao kwa sato umekatika vipande viwili. Kwa mstari huo anahisi mtikisiko wa maji hata gizani.

Inua kifuniko cha shavu, kata upinde mmoja wa matamvua kwa mkasi. Hapa usiharakishe. Uweke kwenye bakuli la maji masafi: nyuzi zake nyekundu zinatawanyika, kila mmoja peke yake, na maji yanapita katikati. Sasa uinue. Nyuzi zote zinashikamana zikawa bonge moja. Rudia mara kadhaa, kisha uliza: hewani kuna oksijeni nyingi kuliko majini, kwa nini basi samaki anakufa akitolewa nje? Jibu limo mkononi mwake. Eneo la kupokea oksijeni limejifunga. Kamongo hana shida hiyo kwa sababu ana mapafu pia, na ndiyo maana anaweza kuvumilia kiangazi akiwa amejichimbia kwenye tope.

Pasua tumbo kuanzia kwenye tundu la haja kwenda mbele, ncha ya mkasi ikielekea juu ili usitoboe ndani. Ini utaliona upesi, moyo uko mbele kabisa karibu na koo. Utumbo umejikunja. Uchomoe taratibu, kata utando unaoushikilia, unyooshe juu ya meza pembeni ya futi kamba. Kabla ya hapo, mtoto awe ameandika makisio yake. Wengi hukisia urefu wa samaki, au mara mbili. Utumbo wa sato unazidi urefu wa mwili wake mara kadhaa. Chakula chake kikubwa ni mwani na vitu vya mimea, na mimea haimeng'enywi upesi, kwa hiyo inahitaji safari ndefu. Ukimpata sangara ambaye hajatolewa matumbo, fanya vilevile: tumbo ni mfuko mpana na utumbo ni mfupi, kwa kuwa yeye anakula samaki wenzake. Watoto wawili wakiwa na samaki hawa wawili mezani hawatasumbuka tena na swali la wala nyama na wala mimea.

Mwisho, chini ya uti wa mgongo kuna mfuko mweupe wa hewa. Kitabuni ni kibofu cha hewa. Sokoni ni bondo, na la sangara lina bei kuliko minofu yake. Kazi yake ni kumwezesha samaki kukaa kina anachotaka bila kuogelea muda wote. Sangara aliyevutwa haraka kutoka chini hufika juu tumbo limefura, kwa sababu kila mita 10 za maji huongeza kanieneo, yaani mgandamizo, karibu sawa na ya hewa yote iliyo juu yetu. Akipanda, kanieneo inapungua, hewa ya bondo inatanuka.

Hapo sasa chora mtandao wa chakula: mwani, vijidudu vya majini, dagaa, furu, sato, sangara, binadamu. Kisha futa furu wengi. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, akaongezeka sana miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Muulize mtoto mishale gani ibadilike.

Tahadhari moja isiyo na mjadala: mtoto asiingie majini kutafuta vielelezo, hasa penye majani na gugumaji. Konokono wa huko hubeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi nzima bila kidonda. Gugumaji likihitajika, mtu mzima alivute kwa fimbo ndefu akiwa nchi kavu. Likate kikonyo cha jani kilichovimba, uone vyumba vya hewa vinavyolielesha, basi inatosha.

Mwendo

Chukua paipu ya plastiki iliyopasuliwa katikati, urefu wa mita mbili na zaidi. Inua ncha moja sentimeta 5. Weka alama kwenye sentimeta 50 na 200 kutoka pale gololi inapoachiwa. Iachie bila kuisukuma, pima muda kufika kila alama, rudia mara tano, chukua wastani.

Mtoto atakisia kuwa umbali ukiwa mara nne, muda nao utakuwa mara nne. Utapata karibu sekunde 2.5 kwa sentimeta 50 na karibu sekunde 5 kwa sentimeta 200, au zaidi kidogo kama paipu ina msuguano. Umbali mara nne, muda mara mbili tu. Gololi ilikuwa inaongeza mwendokasi njiani; huo ndio mchapuko. Galileo alifikia kanuni hii kwa tufe na ubao ulioinamishwa, bila saa ya sekunde.

Wastani wa mwendokasi ufanyie kwenye Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, kama mna safari ya Sengerema au Geita. Abiria, si dereva, apime muda kuanzia mwanzo wa daraja hadi mwisho. Dakika 3 ni kilometa 60 kwa saa. Dakika 4 ni 45. Dashibodi inaonyesha namba zinazobadilika kila wakati, ninyi mmepata moja ya njia nzima.

Ndani ya daladala fanya hili: jaza chupa maji ukibakiza povu moja la hewa, ilaze kwenye mapaja kuelekea mbele. Gari likifunga breki abiria wote wanasukumwa mbele. Povu je? Karibu kila mtu atasema mbele. Linakwenda nyuma. Maji ni mazito, yanaendelea na mwendo wake kwenda mbele, na povu linasukumwa kwenye nafasi iliyoachwa. Hiyo ni inesha, na haihitaji maneno mengi baada ya hapo.

La mwisho linaunganisha mwendo na hali ya hewa. Ukiona radi ikimulika, anza kuhesabu sekunde mpaka ngurumo. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, mwanga unafika papo hapo, kwa hiyo gawanya kwa 3 upate kilometa. Ziwa Victoria lina dhoruba nyingi za usiku kuamkia alfajiri, kwa sababu upepo wa nchi kavu kutoka pande zote hukutana katikati, juu ya maji ambayo bado yana joto, na hewa inapanda. Mtoto aliyefanya zoezi la makopo mawili atalitambua hilo mwenyewe. Hesabu ikiwa chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilometa 10: acheni zoezi, ondokeni ufukweni, juu ya mawe na chini ya miti, mwingie ndani, na msubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.